Mkaa wa Mbarika na Alama ya Chanjo

Mwaka ule ufuta ulizaa sana huko Nambilanje, na miganda iliyosimamishwa ikauke ilijaa kila shamba. Kulthumu binti Shaibu alikuwa msichana mdogo, hajaingia unyagoni, na kazi yake baada ya kupepeta ufuta ilikuwa kukaa barazani kwa bibi yake mzaa mama na kuchanja maboga. Bibi huyo alikuwa fundi wa nembo, yaani zile alama ambazo wanawake wa kwetu walichorwa usoni na kifuani kwa ncha ya kisu kidogo, kisha jeraha likasuguliwa mkaa wa mbegu za mbarika ili alama ibaki nyeusi maisha yote. Boga alilichagua kwa sababu ngozi yake changa huonyesha kosa papo hapo: mkono mzito ukipita, maji hutoka. Kulthumu alichanja maboga msimu mzima. Jioni yakapikwa, na kaka zake wakalalamika kwamba kila siku wanakula boga lenye sura ya shangazi yao.

Alipohitimu maboga, bibi yake alimpa somo la mwisho, ambalo Kulthumu alilishika kuliko masomo yote.

“Tazama uvimbe,” bibi alimwambia. “Ngozi isipovimba, mkaa haukuingia. Ukisikia msichana amelala usingizi mzuri siku aliyochanjwa, jua atarudi kwako umchanje upya. Maumivu ndiyo mkaa unaoshika njia yake.”

Kulthumu aliishi na somo hilo zaidi ya miaka thelathini. Wasichana wa Nambilanje na wa vijiji vya jirani walipita mikononi mwake, na watu walimwamini kwa sababu kazi yake haikufifia. Aliyoipenda kuliko zote ilikuwa kwenye mashavu ya Fatu, mdogo wake wa mwisho, ambaye alimlea mwenyewe tangu mama yao alipofariki. Mistari mitatu kila shavu, imenyooka na kukutana karibu na sikio. Fatu alipocheka, mistari ile ilipanda juu yote kwa pamoja, na Kulthumu alikuwa akimchekesha makusudi ili aione.

Mwaka 1949 matrekta yalikuwa yaking’oa msitu Nachingwea kwa ajili ya mashamba ya karanga, na watu wa makabila ambayo hatukuyajua wakipita njiani na mizigo kichwani. Habari za ndui zikaanza kusikika, leo iko upande huu, kesho upande ule. Mwezi wa Mei akafika Nambilanje kijana mmoja aliyeitwa Kipriani, mhudumu wa zahanati ya misheni, amevaa kaptula nyeupe, na mkononi amebeba kipande cha mgomba kilichokatwa asubuhi ile. Watu walidhani ameleta chakula cha mbuzi. Kumbe ndani ya mgomba ule wenye maji alikuwa amechomeka vimirija vya kioo vyenye dawa ya chanjo, ili visipate joto, kwa maana dawa ile ikipata joto hufa. Kila alipolala alikata mgomba mpya.

Jumbe wa kijiji, Mikidadi, aliwakusanya watu. Kipriani alitia tone la dawa juu ya mkono, karibu na bega, akalikwaruza kwa sindano, akaenda kwa mwingine. Damu ilionekana kidogo tu, kwa wengine haikuonekana kabisa. Mzee Dominiko, Mmakua aliyehamia kutoka ng’ambo ya Ruvuma na ambaye hakujaliwa kunyamaza, alibaki amenyoosha mkono hata baada ya kijana kuondoka.

“Umemaliza?” akauliza.

“Nimemaliza, Mzee.”

“Mbona mimi sijasikia? Hata siafu wa shambani kwangu hufanya kazi ikaonekana.”

Watu wakacheka. Kipriani naye akacheka, kisha akasema kwa sauti ya kufundisha, “Ngojeni siku ya nane. Msioshe pale, msifunike kwa majani, msipake kitu chochote. Nitarudi kutazama kila mkono.”

Kulthumu alitazama yote akiwa amesimama pembeni. Yeye hakunyoosha mkono. Fundi wa nembo hukatwa na yule aliyemfundisha tu, na bibi yake alikuwa ameshafariki. Wala Kipriani hakumshurutisha. Ashura, mtoto wa Fatu mwenye umri wa miaka miwili, hakuchanjwa pia, maana alikuwa ametoka kuachishwa ziwa na, kama ilivyo desturi, alikuwa amepelekwa kukaa kwa bibi yake mzaa baba huko Mkotokuyana.

Alasiri ya siku hiyohiyo Fatu alikuja kwa dada yake, mkono nje ya kanga.

“Dada, hebu tazama. Hauumi hata kidogo.”

Kulthumu aliutazama mkwaruzo ule kama seremala anavyotazama kiti kilichopigwa misumari na mtoto. “Kijana yule mkono wake ni wa kufukuzia nzi,” akasema. “Dawa imekaa juu juu.”

“Sasa je? Ndui si inakuja?”

“Keti.”

Akapaosha kwa ndimu kama alivyozoea kabla ya kazi, akachimbua mikwaruzo kwa kisu chake, akasugua mkaa wa mbarika. Fatu aliuma kanga yake kwa maumivu, na wote wawili wakaridhika. Asubuhi iliyofuata mkono ulikuwa umevimba hata kiwikoni. Siku ya pili wakaja majirani watatu, siku ya tatu wakaja wengi. Wote waliopita kwa Kulthumu kuongezewa nguvu ya chanjo walikuwa kumi na wanane.

Mwanaima, binti yake Kulthumu, aliyekuwa ameolewa nyumba ya pili, alikataa.

“Mama, yule kaka alisema tusipake kitu.”

“Yule kaka ana ndevu ngapi?”

“Hana hata moja. Lakini dawa ni yake.”

Mkono wa Mwanaima ulikaa siku tatu bila dalili. Siku ya nne kikatokea kipele. Kikakua polepole kikawa lengelenge dogo la mviringo, lenye kibonyeo katikati kama kitovu, na yeye akaendelea kutwanga mtama bila homa wala kuugua. Wenye mikono iliyovimba walimtania kisimani. Walisema damu yake imepoa, ndui ikifika itamkuta amelala. Mzee Dominiko, ambaye pia hakupakwa mkaa, hakuona dalili yoyote siku za kwanza. Lakini mwishoni mwa wiki mkono wake ulifura, akashikwa na homa, akalala siku tatu akiomba radhi kwa sauti kwa kila aliyewahi kumsema vibaya, na orodha ilikuwa ndefu.

Siku ya nane Kipriani alirudi. Kazi yenyewe alikuwa na miezi minne nayo. Aliona majeraha makubwa yenye magaga meusi, akadhani weusi ule ni moshi wa jikoni na vumbi la shamba, akaandika katika daftari lake kwamba yote yameshika. Kwa Mwanaima alisimama muda mrefu zaidi, akainama, akasema neno moja tu: “Safi.” Watu wakadhani anamfariji.

Ndui ilifika wakati wa kuvuna mbaazi. Nani aliyeileta haikujulikana. Jumbe Mikidadi, kwa shauri la Kipriani, alijenga vibanda mbali na nyumba, akavizungushia uzio wa mabua, na akaagiza kwamba wauguzi wawe wale tu waliochanjwa. Waliougua mwanzo walikuwa watu watatu waliokuwa safarini wakati wa chanjo. Baadaye wakafuata saba ambao mikono yao ilikuwa imevimba kuliko ya wengine. Fatu alikuwa mmoja wao.

Mwanaima aliingia ndani ya uzio kila siku. Aliwapa uji, akawageuza, akawafulia nguo. Mzee Dominiko alichota maji na kuzika waliokufa. Ndui haikuwagusa, mmoja aliyekuwa ameungua kwa homa siku tatu, na mwingine ambaye hakukosa hata kutwanga. Kulthumu, kwa kuwa hakuchanjwa, alizuiwa nje. Alikaa kando ya uzio wa mabua tangu asubuhi mpaka jioni akizungumza na mdogo wake asiyeweza kumwona.

“Dada,” Fatu alimwita siku moja, sauti imekauka, “mkono wangu si ulivimba kuliko yote?”

“Ulivimba, mdogo wangu.”

“Ulivimba mpaka kiwikoni.”

“Mpaka kiwikoni.”

Fatu alifariki siku ya kumi na moja. Kulthumu hakuoneshwa uso. Mwanaima alipomwambia kwamba ni afadhali, alielewa kwamba mistari ile haikuonekana tena.

Matanga yalipokwisha, alikaa barazani akihesabu. Wale saba waliougua wakiwa na alama mkononi, kila mmoja alikuwa amekaa kwenye kigoda cha Kulthumu akipakwa mkaa. Hakuna hata mmoja aliyechanjwa na Kipriani peke yake ambaye ndui ilimpata. Akakumbuka jambo jingine ambalo fundi tu angelikumbuka: mikono aliyoipaka mkaa ilivimba kesho yake, kama kila jeraha la nembo linavyovimba, lakini mkono wa Mwanaima ulingoja siku nne. Mkaa haungoji. Kilichongoja kilikuwa kitu kingine, kilicho hai, na yeye alikiosha kwa ndimu kabla hakijaingia. Uvimbe aliouona mikononi kwao ulikuwa uvimbe wake mwenyewe.

Hakumwambia mtu. Alijua vizuri kwamba siri ile ikitoka, hakuna mama atakayemletea binti tena, na wale waliofiwa watamtazama kwa macho ambayo hakuweza kuyafikiria. Angeweza kunyamaza mpaka kufa, maana kijiji kilikuwa kimekwisha kupata wa kumlaumu. “Waliovimba zaidi ndio waliokufa,” Jumbe Mikidadi alisema mbele ya watu. “Basi chanjo ya misheni ni bure, au ndiyo iliyowaua. Yule kijana akirudi, mtu asinyooshe mkono.” Na watu waliitika.

Lakini wiki hiyohiyo walifika watu kutoka Mkotokuyana, na mgongoni kwa mmoja wao alikuwapo Ashura. Mama yake ameondoka. Mtoto amerudishwa kwa mama mkubwa. Mkono wake ulikuwa laini, hauna alama yoyote. Kulthumu alimwogesha kila asubuhi, na kila asubuhi aliuona mkono ule. Habari za ndui zilikuwa bado zinatoka njia ya Ruangwa.

Kipriani alirudi mwezi wa Novemba na mgomba wake. Watu walikusanyika kwa jumbe, mikono imefungwa ndani ya nguo. Kulthumu alifika wa mwisho, Ashura mgongoni, na mkononi amebeba kibuyu cha mkaa wa mbarika. Akakiweka chini mbele ya Mikidadi.

“Jumbe, kabla hujamfukuza mtoto wa watu, naomba mikono.”

“Mikono ya nani?”

“Ya wote.”

Akaanza na binti yake. Akawaonyesha kovu la Mwanaima: la mviringo, limedidimia kidogo, jeupe, limejaa vitundu kama vya tondoo ambayo mshonaji huvaa kidoleni. Akawaonyesha kovu la Mzee Dominiko: kubwa maradufu, lakini lina vitundu vilevile. Kisha akamvuta mbele jirani aliyepona ndui, uso umejaa makovu, akafunua bega lake. Pale palikuwa na alama nyeusi, laini, iliyoinuka.

“Hii si alama ya chanjo,” akasema. “Hii ni kazi yangu. Kazi yangu naijua hata nikiwa nimefumba macho.”

Mikidadi, ambaye mtoto wa dada yake alikuwa miongoni mwa waliokufa, aliuliza polepole, “Kwa hiyo wewe ndiye uliyewatoa watu dawa mwilini?”

“Mimi. Kwa ndimu na kwa kisu.”

“Na ulijua?”

“Nilijua uvimbe. Sikujua kingine.”

Mwanamke mmoja alianza kulia. Mwingine akasema neno ambalo halifai kuandikwa. Ndipo Kipriani aliposimama, kofia mkononi, jasho likimtoka.

“Mimi nami niliandika kwamba zimeshika,” akasema. “Niliona weusi, sikuuliza. Nilifurahia uvimbe kama ninyi.”

“Mimi siku ile nilitoka nyumbani niende kwake Kulthumu,” Mzee Dominiko akaingilia, “nikapita mahali wanakula boga. Basi.” Hakuna aliyecheka, ila wengine waliinua vichwa.

Kulthumu akatelemsha kanga begani. “Aliyenifundisha hayupo, nitakatwa na huyu,” akamwambia Kipriani. “Anza kwangu, kisha mtoto. Na mkono wako usiogope kama safari ile.”

Baada yao watu walikaa muda mrefu bila kujongea. Mikidadi alikuwa wa tatu.

Yaliyofuata ndiyo yaliyomtesa Kulthumu kuliko baraza lile. Mkono wake ulianza siku ya nne, na kufika siku ya saba ulikuwa umefura, kwapa linauma, mwili unawaka moto. Ashura alikuwa akikimbiza kuku. Mkononi mwake mlikuwa na kipele kimoja, kidogo kama punje ya mtama, na hakuwa na homa hata ya kumnyima uji. Kulthumu alilala kwenye mkeka akikitazama kipele kile. Alijua aliyoyajua, alikuwa ameyasema mbele ya kijiji kizima. Hata hivyo somo la bibi yake lilimrudia: ngozi isipovimba, haikuingia. Kibuyu kilikuwa kimening’inia palepale juu yake, na kisu kilikuwa ndani ya mkoba wake. Mara mbili aliinuka. Mara ya pili alikuwa ameshika ndimu.

Akamwita Mwanaima kwa sauti iliyomshtua.

“Mchukue huyu mtoto akakae kwako. Chukua na kibuyu, na kisu.”

“Homa imekuzidi, Mama?”

“Homa naiweza. Mikono yangu ndiyo inayotaka kufanya kazi. Mchukue!”

Siku ya nane Kipriani alimkuta ameegemea ukuta. Akautazama mkono wake, akasema umeshika. Akaletewa Ashura, akautazama, akasema umeshika.

“Sawasawa?” Kulthumu akauliza. “Mimi nimeungua kama kuni, na huyu hajui hata kwamba amechanjwa. Nani amepata zaidi?”

Kipriani alifikiri kabla ya kujibu, maana alikuwa amejifunza kutojibu haraka. “Bibi, kuna nyumba mgeni akiingia, wote wanapiga kelele, kuku wanakimbizwa, vyungu vinalia. Kuna nyumba nyingine mgeni anakaribishwa kwa sauti ya chini, anapikiwa, analala. Mgeni ni yuleyule. Mimi kelele sizihesabu. Natazama tu kama ameingia.” Akamwonyesha kile kibonyeo cha katikati ya lengelenge, kwanza kwenye mkono mkubwa, kisha kwenye ule mdogo. “Huu ndio mlango.”

Kulthumu aliweka ncha ya kidole juu ya kipele cha Ashura, kwa wepesi, kama alivyofundishwa kugusa ngozi ya boga, akakaa hivyo kwa muda.

Toka hapo hakuna aliyemletea binti kuchorwa nembo. Ndugu wa mume wa Fatu hawakula nyumbani kwake kwa mwaka mzima, naye hakuwasihi kula. Alilima mbaazi zake na ufuta wake. Lakini Kipriani hakumsahau. Kila alipopata shaka juu ya mkono wa mtu, alimtuma mjumbe Nambilanje, na Kulthumu akaenda, maana hapakuwa na mhudumu aliyeweza kutofautisha makovu kama yeye. Alijua lililofanywa na chanjo, lililofanywa na mkaa, la mganga wa chale, la kuungua na chungu. Alipoulizwa na akina mama kwa nini mtoto wao hakuvimba sana, aliwaeleza habari ya nyumba mbili na mgeni mmoja. Alipoulizwa na wenye homa kama watakufa, aliwaambia kwamba yeye alilala siku tano na bado anawasumbua watu. Mwaka 1954 ndui iliingia Mkotokuyana na kumkuta Ashura huko kwa bibi yake, ndani ya nyumba yenye mgonjwa. Kulthumu hakulala vizuri majuma mawili. Mtoto alirudi mzima, akilalamika tu kwamba huko hawatii chumvi ya kutosha kwenye kisamvu.

Habari ya mwisho tuliyo nayo juu yake ni ya Septemba 1958. Alikwenda Ruangwa kwa miguu pamoja na Ashura, siku watoto wa vijiji vya jirani walipoitwa kutazamwa chanjo. Macho yake yalikuwa yamefifia, kwa hiyo alisoma makovu kwa kidole gumba. Watoto thelathini na sita aliwapitisha. Wa thelathini na saba alikuwa msichana mdogo, na mama yake, Magreti, alitangulia kusema kwamba huyu chanjo yake ilimvimba kupita watoto wote wa kijiji chao.

Kulthumu alipapasa bega la mtoto mara moja, kisha mara ya pili.

“Mlipaka nini, mwanangu?”

Magreti akasema, “Mkaa kidogo tu, Bibi.”

“Rudi kwenye mstari, achanjwe tena.”

Magreti alirudi. Kulthumu aliinuka, akakaa karibu na mchanjaji, akamshika mtoto yule mkono mpaka kazi ilipokwisha. Akamwambia mama yake asioshe, asifunike kwa majani, asipake kitu. Kisha akajifunga kanga yake, akamshika Ashura bega, wakaelekea njia ya Nambilanje.